Zimwi la Kifuu: Mapambo ya Halloween ya Kutengeneza na Watoto kwa Vitu vya Malindi

Nazi iliyofuliwa vizuri huja na kishungi cha nyuzi upande mmoja. Ving'oe vile vinyuzi taratibu, utakuta matundu matatu: mawili yanakutazama, la tatu limeachama kama mdomo. Wareno waliopita pwani hii, tangu Vasco da Gama atie nanga hapa Malindi mwaka 1498, waliuona uso huo huo. Ndio wakaiita nazi coco, jina la zimwi ambalo kwao hutishiwa watoto wasiotaka kulala. Kwa hiyo ukitafuta sura ya kutisha kwa ajili ya Halloween usiende mbali. Iko jikoni kwako, na umeshaikuna mara elfu.

Kila Oktoba ikiingia, watoto wa mtaani kwetu huku Shela huanza kunijia barazani. Wengine Halloween wameiona kwenye runinga. Wengine wazazi wao wanafanya kazi kwenye hoteli na nyumba za Waitaliano, wanarudi na habari za maboga yanayowaka taa ndani na mabuibui ya plastiki yaliyotapakaa ukumbini. Wanataka na wao. Mimi siwanunulii ya plastiki. Yanauzwa ghali, yanatumika usiku mmoja, kisha unayakuta jaani au yanaelea ufukweni. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Mtoto aliyekata popo kwa mkono wake, akampaka masizi na kumfunga uzi, hawezi kuamka usiku akilia kwa sababu ya popo yule. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hakuna anayelijua zimwi kuliko aliyelitengeneza.

Kabla ya mkasi, wazazi

Hii si sikukuu yetu, na si kila nyumba inaitaka. Pita kwa majirani siku chache kabla, piga hodi, eleza mnachotaka kufanya na watoto. Mzazi akisema kwake hapana, mwitikie vizuri, na mtoto wake umtafutie kazi nyingine siku hiyo asijione ametengwa. Kazi ya kukuna nazi haina dini.

Kwangu sitengenezi mizuka, makaburi wala mafuvu. Pwani hii watu wana majini na pepo wanaowaamini na kuwaogopa kwa dhati, na mtoto haelewi bado mpaka uko wapi kati ya mchezo na jambo la wazee. Zimwi ni la hadithi. Kila bibi amewahi kumsimulia mjukuu. Popo, buibui na boga nao hawana ugomvi na mtu. Bundi ndiye wa kumfikiria mara mbili. Mimi nampenda, na msitu wa Arabuko-Sokoke hapo jirani yetu una bundi wake mdogo sana, anayeishi sehemu chache mno duniani. Hata hivyo wazee wengi wanaona mlio wa bundi ni habari ya msiba. Nyumba yenye mgonjwa usiitundikie bundi, hata wa karatasi.

Watoto wakiuliza Halloween imetoka wapi, waambie hivi. Huko Ayalandi na Uskoti, zamani sana, watu walikuwa na sikukuu iliyoitwa Samhain, ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi na giza. Baadaye Wakristo wakaweka tarehe 1 Novemba kuwa siku ya Watakatifu Wote, na mkesha wake, tarehe 31 Oktoba, ndio Halloween. Watu wa Ayalandi walikuwa wakichonga sura kwenye tanipu, mzizi mgumu unaofanana na kiazi kikubwa. Katika karne ya 19 walipohamia Marekani kwa wingi, wakakuta boga: kubwa zaidi, laini zaidi kuchonga. Hapo ndipo boga lilipochukua nafasi. Yaani wao wenyewe walitumia kilichokuwa shambani, na sisi tufanye vivyo hivyo.

Vitu vya kukusanya

Anza wiki mbili kabla. Kila nazi inayokunwa, weka kifuu chake chenye macho badala ya kukitupa jikoni kuwa kuni. Omba katoni dukani. Weka magazeti ya zamani, chelewa za fagio lililochakaa, na usumba wa makumbi. Pita kwa fundi cherehani anayeshona mabuibui, yale mavazi meusi ya wanawake, umwombe vipande vyeusi vinavyobaki chini ya meza. Wengi huvitoa bure. Kama kuna msufi karibu, okota sufi. Mengine ni ya nyumbani: uzi, sindano, mkasi, msasa, unga wa ngano, manjano, magadi, ndimu.

Gundi ya uji

Gundi ya dukani haina haja. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano na nusu kikombe cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Chemsha vikombe viwili vya maji na karafuu tatu ndani, utoe karafuu, kisha mimina ule unga uliokorogwa taratibu huku unakoroga, kama unavyopika uji. Dakika mbili au tatu inakuwa nzito na kung'aa. Epua ipoe. Karafuu inachelewesha uvundo na kuvu, maana kwa joto na unyevu wetu gundi ya unga ikilala nje siku moja tu inachacha. Iwekeni kwenye mtungi wenye kifuniko, na mtumie ndani ya siku tatu. Sisimizi watakuja. Weka mtungi ndani ya sahani yenye maji.

Rangi, na mstari unaogeuka mwekundu

Hapa ndipo watoto wanapokuwa wangu kabisa.

Nyeusi ni masizi ya chini ya sufuria, au makaa ya vifuu yaliyotwangwa na mtu mzima na kuchungwa kwa kitambaa, yakachanganywa na gundi ya uji. Ukiyapaka makavu yanachafua kila kitu; kwenye gundi yanashika. Nyeupe ni unga wa ngano mzito na maji kidogo. Wengine hutumia chokaa, ila chokaa inaunguza ngozi na macho, siwapi watoto.

Rangi ya Halloween ni ya chungwa, na hiyo inatoka kwenye manjano. Koroga vijiko viwili vya chai vya manjano ya unga katika robo kikombe cha maji ya moto, acha ipoe, mtoto apake karatasi nyeupe yote kwa kitambaa au pamba. Anika. Karatasi inakauka njano kali kama embe dodo. Wakati inakauka, mtu mzima ayeyushe kijiko kimoja cha chai cha magadi katika nusu kikombe cha maji.

Sasa mpe mtoto chelewa moja, achovye ncha kwenye maji ya magadi, achore jicho kwenye ile karatasi ya njano. Maji hayana rangi. Mwanzo haonekani ameandika nini. Halafu pale chelewa ilipopita panaanza kukolea, kahawia kwanza, kisha nyekundu kama tofali, na jicho linafunguka lenyewe mbele yake. Mpwa wangu wa miaka 6 mara ya kwanza aliiachilia chelewa, akasema, "Shangazi, karatasi imetoka damu!" Nikamwambia aigonge na ndimu. Akakamua tone moja juu ya jicho, na pale tone lilipoanguka wekundu ukafutika, njano ikarudi. Akalichora tena. Akalifuta tena. Alikaa na karatasi ile moja mpaka adhuhuri.

Msimulieni ukweli wake, usimwache akidhani ni uganga. Ndani ya manjano mna kitu kiitwacho kurkumini, ambacho kikikutana na magadi hugeuka wekundu, na kikikutana na ukali wa ndimu hurudi njano. Wanafunzi wa sayansi hutumia vitu vya namna hii kupima asidi. Maji ya magadi yasiingie machoni, na mikono ioshwe mkimaliza. Nguo iliyopata manjano usihangaike nayo sana: ifue, uianike juani siku mbili tatu, jua linalififisha doa lenyewe.

Karatasi hizi za njano mtazitumia kote: macho ya popo, mabango ya mlangoni, na kwenye taa. Ukitaka moja ipitishe mwanga, ipake mafuta ya nazi kidogo pande zote mbili ikishakauka. Inakuwa kama kioo cha rangi.

Zimwi la kifuu

Kazi hii ni ya watoto kuanzia miaka 7 wakiwa na mtu mzima. Wadogo zaidi washughulike na nywele.

1. Chagua nazi yenye kishungi kikubwa. Ipasue kwa kuigonga katikati na mgongo wa panga huku unaizungusha kiganjani, bakuli likiwa chini kukinga maji yake. Usigonge upande wa macho. Ikipasuka sawa utapata vifuu viwili, kimoja chenye macho matatu, kingine kizima. Kile kizima weka kando, kinafaa kata au bakuli la gundi.

2. Kuneni nazi yote kwa mbuzi. Tui linakwenda kwenye chakula, au nazi yenyewe itakuwa kashata za jioni. Kwanguani ndani mpaka kifuu kisiwe na nyama. Nyama ikibaki kitaoza na kuita mende. Anika juani siku mbili.

3. Kisugueni msasa nje, kutoka kwenye ukingo kuelekea juu. Kwenye kishungi ng'oeni nyuzi zinazofunika macho tu, zilizobaki ziacheni, hizo ndizo nywele. Watoto hupenda kusugua kuliko ninavyoweza kueleza. Kifuu kinatoka kwenye kahawia ya vumbi kinakuwa cheusi na kulaini, na kikipakwa mafuta ya nazi kinang'aa.

4. Toboa macho. Kati ya matatu, moja ni laini, ndilo mche wa mnazi hutokea. Hilo mtoto analitoboa kwa msumari mkononi. Mawili yaliyobaki ni magumu kama kifuu chenyewe, na hayo ni ya mtu mzima: ama keekee ya fundi seremala, ama msumari uliopashwa moto na kushikwa kwa koleo. Lile laini lifanyeni mdomo, lipanueni kidogo kwa ncha ya kisu.

5. Ndani bandikeni karatasi ya njano iliyopakwa mafuta, ifunike matundu. Kama mnataka ndevu, gundisheni usumba chini ya mdomo.

6. Kateni duara la katoni linalozidi kifuu kidogo, toboeni tundu katikati la kupitisha tochi ndogo, kisha gundisheni kifuu juu yake uso ukitazama nje. Funga kwa uzi mpaka gundi ikauke, usiku mzima.

Zima taa ya chumba, washa tochi. Macho mawili na mdomo vinawaka rangi ya chungwa gizani. Vitatu vinne vikipangwa kwenye ngazi ya baraza vinatosha, hamhitaji kingine.

Boga

Maboga yetu mengi si ya rangi ya chungwa kama ya kwenye picha. Ni ya kijani yenye mabaka, au ya kijivu, na ganda lake ni gumu. Chagua dogo, linalosimama bila kubingirika. Lichongwe siku ile ile ya tarehe 31 au jioni ya kuamkia. Kwa joto la Malindi boga lililofunguliwa haliishi zaidi ya siku mbili bila kulegea na kuvuta nzi.

Kateni kifuniko kwa kuinamisha kisu kuelekea ndani, ili kisitumbukie mnapokirudisha. Kukata ni kwa mtu mzima. Watoto wakombe ndani kwa kijiko cha chuma. Mbegu zioshwe, zianikwe, zikaangwe na chumvi. Nyama yake msiitupe hata kijiko kimoja: inakatwa vipande, inachemshwa kwa tui zito, iliki na sukari kidogo. Nimeona mahali boga zima limechongwa na nyama yake kumwagwa, na sikulipenda. Chakula kwanza, mapambo baadaye.

Sura usiichore ya kitaalamu. Macho ya pembetatu na mdomo wenye meno mawili makubwa vinatosha, maana kwenye ganda gumu kisu hakigeuki kirahisi. Mtoto achore kwa makaa, wewe ukate alichochora, hata kama jicho moja limepanda. Pangusa kingo kwa ndimu zisiingie weusi haraka.

Buibui na utando wake

Mwili wa buibui ni vifuko viwili vya kile kitambaa cheusi cha fundi, kidogo cha kichwa na kikubwa cha tumbo, vilivyoshonwa na kujazwa sufi au mabaki ya nguo. Miguu ni chelewa nane zilizokunjwa katikati na kusokotwa uzi mweusi. Nane, si sita. Mtoto ahesabu mwenyewe, nne kila upande, zote kwenye kichwa na si kwenye tumbo. Watoto watacheka kwamba buibui ametengenezwa kwa buibui. Waache wacheke.

Utando: weka chelewa tatu ndefu zikipishana katikati, zifunge kwa uzi zibaki kama nyota ya ncha sita. Anzia katikati, zungusha uzi mweupe mara moja kwenye kila chelewa kabla ya kwenda inayofuata, na mwendelee hivyo kwa duara hadi nje. Mtoto wa miaka 8 anaumaliza kwa nusu saa. Mtoto akiogopa, mkumbusheni kisa anachosimuliwa madrasa cha buibui aliyetanda utando mlangoni mwa pango la Thaur, alimojificha Mtume Muhammad. Hofu huisha.

Popo

Hawa ni wa watoto wadogo kabisa. Kunja karatasi katikati, chora nusu ya popo, ubawa mmoja wa sentimita 10 na nusu ya kichwa kwenye mkunjo. Kata, kunjua, paka nyeusi, mkandamize chini ya kitabu kizito akikauka asijikunje. Macho ni vitone vya karatasi ya njano. Mtundike kichwa chini, kwa uzi miguuni, kwenye tawi kavu.

Magharibi ikikaribia watoeni watoto nje wawatazame popo halisi wakitoka miembeni. Waambie popo wala matunda ndio wanaotembelea maua ya mbuyu, yale meupe yanayofunguka jioni, na bila chavua yao mbuyu usingezaa vizuri, na mabuyu mekundu ya sukari wanayoyapenda yangekuwa haba.

Moto na betri

Miaka michache nyuma niliweka mshumaa ndani ya kifuu, nikajiona hodari. Upepo wa jioni ukamleta popo wa karatasi juu yake. Alishika moto, akaanguka kwenye mkeka. Nilimkanyaga, mkeka ukabaki na tundu, na hakuna aliyeumia. Lakini juu ya kichwa chetu palikuwa na makuti. Makuti makavu yakishika hayazimiki kwa ndoo, na nyumba ya jirani nayo ni ya makuti. Tangu siku ile sijawasha mshumaa kwenye mapambo, na nakuomba na wewe usiwashe. Tochi ndogo inatosha, hata taa ya simu.

Angalia pia betri. Zile bapa kama kitufe, zinazokuwa ndani ya vitaa vidogo, mtoto akizimeza zinaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili. Tumia vitaa ambavyo mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu, na zihesabuni mkiwasha, muhesabu tena mkizima. Mtoto akimeza, ni hospitali papo hapo.

Kutundika na kutungua

Mwisho wa Oktoba mvua za vuli huwa zimekwisha kuanza kutembea, kwa hiyo kila cha karatasi kikae ndani ya baraza na si uani. Tundikeni alasiri, kwa uzi na si kwa misumari, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu lakini mbali na taa ya umeme yenye joto. Jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika kumi, na dakika ishirini baadaye giza limeshaingia. Washeni hapo. Andaa sinia la kashata, mabuyu na mbegu za boga kwa watakaopita kutazama. Saa mbili usiku watoto wangu wote wanakuwa wamesharudi makwao.

Kesho yake, tarehe 1, kila kitu kinatunguliwa asubuhi. Ni siku ya Watakatifu Wote, jirani zangu Wakatoliki wanapita kwenda misa, na sipendi wakute mazimwi mlangoni. Boga wapewe mbuzi. Popo waliochanika wanakwenda jikoni kuwasha moto. Vifuu vitolewe tochi na karatasi, vipanguswe, vifungwe kwenye gunia kavu na karafuu kiganja kimoja, vitundikwe darini mpaka mwakani. Buibui, kwa kawaida, hawarudi: kila mtoto anakwenda na wake nyumbani, ameukamata mguu mmoja.